Mbwa Wangu na Hanisi Yake

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni kwa nini nijitetee. Nilifanya kazi ya stoo katika shamba la mkonge mpaka nikastaafu, na stoo ilinifundisha kwamba kitu hakipotei, huchukuliwa. Hata kanisani, kikapu cha sadaka kikipita, macho yangu hukisindikiza mpaka mwisho wa benchi. Watoto wangu hunicheka. Wacha wacheke, lakini nyumba yangu hapa Mwakingali, mjini Voi, haijawahi kuvunjwa.

Haijavunjwa kwa sababu ya mbwa. Yule wa kwanza alilishwa. Ndivyo tunavyosema hapa mtaani, "alilishwa", na kila mtu anaelewa. Kuna mtu alianza kumrushia mifupa mizuri, leo mmoja, kesho mwingine, mpaka mbwa akamzoea na kuacha kumbwekea. Kisha ukaja mfupa wenye sumu. Nilimkuta asubuhi amelala kando ya tangi la maji, povu limemkaukia mdomoni. Nililia mpaka majirani wakadhani nimefiwa na mtu. Nikaapa kwamba nikipata mbwa mwingine, hatakula kutoka mkono wowote ila wangu.

Huyu wa sasa nilimpata Miasenyi, kwa mama mmoja anayeuza matikiti kando ya barabara kuu. Alinipa bure. Kitu cha bure hunitia wasiwasi, kwa hiyo nilimgeuza yule mtoto wa mbwa juu chini, nikamkagua masikio, meno na tumbo, nikamuuliza yule mama ana kasoro gani. "Hana kasoro, mama. Anakula sana tu," akasema. Nikamchukua, lakini njia nzima hadi Voi nilikuwa nasubiri kasoro ijitokeze.

Ilijitokeza alipokuwa mkubwa. Alikuwa anavuta. Nilimfunga mshipi shingoni kama mbwa wa watu wengine, nikashika kamba, na kila tukitoka alinikokota kama ng'ombe aliyeona maji. Kumwachia siwezi. Huku kwetu ndovu hutoka mbugani wakafika hadi nyuma ya nyumba za watu, na mbwa anayemkimbilia ndovu humrudisha ndovu kwa mwenye mbwa. Basi yeye akivuta, nami nikivuta, shingo yake ikawa katikati. Akaanza kukohoa kikohozi kikavu, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki.

Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo. Akampapasa koo, akasema, "Mama, ukiendelea na huu mshipi utamharibu koromeo. Mfunge kifuani, sio shingoni." Nilimtazama vizuri nione kama ana duka la mikanda mahali. Hakuwa nalo. Lakini hiyo haikunitosha, nikarudi nyumbani nikajitengenezea mwenyewe kwa kamba ya mkonge. Mkonge naujua, mkonge ndio ulionisomeshea watoto. Nilimzungushia kifuani na mgongoni nikafunga mafundo mazuri sana, na baada ya matembezi machache nikaona makwapa yake mekundu na manyoya yamenyonyoka. Mkonge haubembelezi mtu, seuze mbwa.

Kijana wangu anafanya kazi Nairobi. Nikampigia simu kumweleza, akacheka. "Mathe, achana na hiyo kamba, itamuumiza. Mbuyie harness, ile mikanda ya kifuani. Hizo zimejaa hapo tao."

Mimi neno hilo nililichukua jinsi sikio langu lilivyolileta. Nikaliita hanisi.

Dukani Voi mjini kijana wa watu alinitolea hanisi za kila rangi. Akaanza kunisifia, na mtu akinisifia bidhaa mimi huigeuzia bidhaa mgongo. "Hii ni orijino, mama. Hii hata simba hakati." Nikamuuliza kama simba amewahi kuijaribu. Nilikuwa nimekuja na uzi wenye vipimo vya mbwa: fundo moja la kifua, pale nyuma ya miguu ya mbele palipo pana kuliko pote, na fundo jingine la shingo kule chini inapoungana na mabega. Nikapima kila hanisi kwa uzi wangu. Nikavuta kila mshono. Nikafungua na kufunga vile vifungo vya plastiki mpaka kijana akaanza kuangalia saa. Nyingine ilikuwa na utepe mwembamba, nikaikataa kwa sababu utepe mwembamba ni kisu kilichochelewa. Nyingine ilikuwa nzuri ila ndani ina mshono mgumu, na mshono ule ungekaa kwapani kabisa.

Niliyoichagua ilikuwa ya buluu, pana, yenye kitambaa laini kwa ndani. Ilikuwa na pete mbili za kufungia kamba, moja mgongoni na nyingine kifuani. Kijana akanieleza kwamba mbwa anayevuta afungwe kwa pete ya kifuani, maana akivuta mwili wake unageuzwa kando anajikuta anakutazama wewe. Akitulia, tumia ya mgongoni. Maneno yalikuwa ya maana, na hilo nalo lilinitia shaka kidogo. Nikainunua.

Nyumbani nikamvalisha. Akajitupa chini, akabingirika, akalia kilio cha kuaibisha ukoo mzima. Nikampa kipande cha chapati, nikamvua, nikamvalisha tena, nikampa kingine. Nikahakikisha vidole viwili vinapita chini ya kila utepe bila kubanwa, na kwa kuwa stoo haijanitoka, nikachukua kalamu ya wino mzito nikaweka alama pale kifungo kinapokaa. Kama kuna mtu angeichezea hanisi ile, ningejua.

Jioni ya siku ya tatu au ya nne nilimpigia kijana wangu simu kumpa habari. Nilisimama pale ninaposimama siku zote, kwenye kona ya ua wa mabati upande wa jirani, kwa sababu ndipo mtandao unaposhika. Nami kwenye simu husema kwa sauti, maana Nairobi ni mbali.

"Nimemtia hanisi!" nikasema. "Alilia siku ya kwanza, lakini sasa ametulia kabisa. Hata hanisumbui tena."

Hapo lazima niseme habari za jirani. Ni mama wa Kiislamu, mzaliwa wa Mombasa, aliyekuja Voi kuolewa. Tumekaa ua kwa ua miaka mingi, tukipeana chumvi na lawama. Kazi yake kubwa kwangu imekuwa kunisahihisha Kiswahili. Mimi ni Mdawida wa milimani, Kiswahili nilikikuta shuleni, na herufi ya "th" haijawahi kukubali kukaa mdomoni mwangu. Nikisema "samani ya kiwanja", yeye hunirudisha, "Thamani, dada. Samani ni viti." Nami hujibu kwamba bei ni ile ile. Mwaka huu alifiwa na mumewe. Alikaa eda yake yote ndani, na hata baada ya kutoka eda hakuwa mtu wa kuonekana sana. Binti zake wameolewa mbali. Nilimhurumia, lakini sikwenda kwake mara nyingi. Sijui kukaa na mtu anayelia.

Hanisi ilifanya kazi yake, na naisifu bila kulipwa. Kwanza nilitumia pete ya kifuani. Akirusha kifua kumfuata kuku, anajikuta amegeuka ananitazama mimi, nami namwambia, "Ndiyo, ni mimi." Baada ya muda akachoka kunitazama akaacha kuvuta. Nikahamia pete ya mgongoni. Tulikuwa tukitoka alasiri jua likipungua, tukifuata ua wa reli, mpaka kwenye uwanja mtupu. Pale nilimfunga kamba ndefu nikamrushia mpira wa nyuzi za mkonge, akakimbia, akaurudisha, akakataa kuuachia. Kikohozi kilikwisha. Nilimpenda yule mbwa katika siku zile kuliko nilivyokuwa tayari kusema mbele ya watu.

Kisha alama yangu ikaanza kutembea.

Kila tukirudi nilikuwa namvua hanisi ili ngozi ipumue, na kesho yake namvalisha tena. Siku moja vidole vyangu viwili havikupita. Nikalegeza utepe kidogo, alama ya kalamu ikasogea kando ya kifungo. Wiki iliyofuata ikabana tena. Nikalegeza tena. Shaka yangu ya kwanza ilikwenda kwa kijana wa duka. Rahisi ghali, nikasema, ameniuzia kitambaa kinachoruka kikifuliwa. Nikaipima hanisi kwa ule uzi wangu wa mafundo. Ilikuwa vile vile. Nikampima mbwa. Uzi haukufika.

Mbwa alikuwa ananenepa.

Nilikaa kwenye kigoda nikapiga hesabu. Chakula chake nakipima mwenyewe, ugali na dagaa, wala sikuwa nimeongeza hata kijiko. Tena majuzi alikuwa anabakisha. Yule mama wa Miasenyi alisema anakula sana, sasa anabakishaje? Nikamwita, nikamfungua mdomo, nikanusa. Pumzi yake ilikuwa na tangawizi na kitunguu saumu. Mimi sipiki tangawizi.

Mbwa wangu alikuwa analishwa.

Sikulala vizuri siku hizo. Nilikuwa nauona ule mdomo wenye povu kila nikifumba macho. Nilijua mpangilio wake: leo kinono, kesho kinono, keshokutwa sumu. Sikumwambia mtu, kwa sababu mtu unayemwambia anaweza kuwa ndiye. Nilikagua ua wote kwa kuupapasa na nikakuta, upande wa jirani, bati moja limeinuliwa kona ya chini, mwanya wa kupitisha sahani. Udongo wa pale ulikuwa umechimbuliwa kwa vidole.

Huo udongo ndio ulionimaliza. Mimi ni mtu wa kanisa, naimba kwaya, lakini nimezaliwa milimani na najua mtu anayechota udongo mpakani mwa mwenzake anatafuta nini. Sasa shaka yangu ilikuwa na miguu miwili. Mmoja ulisema jirani amelipwa na wezi. Wa pili ulisema mambo ambayo sitayaandika. Kikulacho ki nguoni mwako, nikawaza, na miaka yote ile ya chumvi ikawa michungu kinywani.

Alasiri moja nilitangaza kwa sauti kwamba naenda sokoni. Nikafungua geti, nikalibamiza, nikanyata nikarudi, nikajibanza nyuma ya tangi la maji. Mbwa aliniona. Hakujali, alikuwa ameshaketi mbele ya lile bati akitikisa mkia kama mtu aliyewahi kiti harusini.

Bati likainuka. Mkono ukapita, mkono wa mwanamke wenye bangili moja, ukiwa na sahani ya bati inayotoa mvuke. Mbwa akala. Nilitamani kuruka pale pale, lakini nilitaka kuona mwisho wake. Alipomaliza alilamba sahani, kisha akalamba na ule mkono, wote, mpaka kifundo. Mkono ukarudi haraka. Ukatoka tena, ukachota udongo wangu kiganjani, ukapotea. Nikasikia maji yakimwagwa kutoka kwenye kopo, yakasimama, yakamwagwa tena, na chini yake sauti ndogo ikihesabu.

Nikatoka. "Dada!" nikapiga kelele. "Unampa nini mbwa wangu?"

Kopo likaanguka.

Sikungoja. Nilizunguka kwa geti lake nikaingia bila hodi, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa mtu. Nilimkuta amechutama karibu na mfereji, mikono miwili imejaa matope hadi kwenye viwiko, macho yamemtoka.

"Unamloga au unamwekea sumu?" nikamuuliza. "Chagua moja unijibu."

"Audhubillahi!" akasema. "Dada, mimi? Nimloge mbwa?"

"Na huo udongo?"

Akaitazama mikono yake kana kwamba si yake. "Amenilamba," akasema. "Mate ya mbwa kwetu ni najisi. Sharti nioshe mara saba, na mara moja iwe kwa udongo. Udongo wa kwangu huku wote ni saruji, marehemu aliutia saruji uwanja mzima. Nikachota hapo kwako. Nisamehe kwa udongo."

Nilisimama pale na hasira yangu ikakosa pa kukaa. "Mtu anayeogopa mate ya mbwa anamlisha mbwa kwa nini?"

Aliinama akaendelea kuosha mikono, polepole. Alipojibu alijibu kwa sauti ya chini, kama tunazungumza habari za aibu za mtoto wa mtu.

"Nilikusikia kwenye simu. Ukasema umemtia uhanithi."

"Nimemtia nini?"

"Hukusema 'hanisi'? Nami najua 'th' hukushinda, dada, miaka yote nakusahihisha. Nikajua umekusudia hanithi. Ukasema alilia siku ya kwanza na sasa ametulia kabisa. Nikasema, basi amemhasi. Masikini, mbwa mzuri vile."

Nilitaka kucheka. Kicheko kilikuwa kimeshafika kooni, lakini yeye hakuwa anacheka.

"Mbwa akihasiwa huwa mvivu," akaendelea. "Hulala, habweki. Ndivyo nisikiavyo. Nikawa nampikia supu ya miguu ya ng'ombe, natia tangawizi na kitunguu saumu, mara nampa tende. Ndiyo mambo niliyokuwa nikimfanyia marehemu alipokuwa mgonjwa, ili nguvu zimrudi. Nikasema labda na huyu zitamrudi."

"Nguvu za mbwa wangu zinakuhusu nini wewe?"

Hapo ndipo aliponitazama.

"Mimi hulala kwa sauti ya mbwa wako," akasema. "Tangu azikwe. Bwana alikuwa akikohoa hapo mlangoni, wapitao wakajua mna mwanamume. Sasa hapana wa kukohoa. Nikilala nasikiliza upande wako. Mbwa wako akibweka najua kuna mtu, najua na wewe umeamka. Akinyamaza najua hapana mtu, nalala. Niliposikia umemhasi, nikasema, sasa akinyamaza nitajuaje ni kwa sababu hapana mtu, ama ni kwa sababu hawezi tena?"

Niliketi kwenye saruji ya marehemu. Mwezi baada ya mwezi nilikuwa nimemlinda mbwa wangu asizoee mkono wa mtu, na mita chache kutoka kitandani kwangu kulikuwa na mwanamke anayemtegemea mbwa yule yule ili afumbe macho. Nikaenda nyumbani nikaleta ile hanisi ya buluu nikamwekea mbele.

"Hii ndiyo hanisi," nikasema.

Akaitazama, hakuigusa. Akaiangalia mikanda, vifungo, pete mbili. "Hiki ni kitu cha kuvaa?"

"Cha kuvaa. Kifuani. Mengine yake yote yapo mahali pake, nenda kaangalie mwenyewe."

Akajifunika uso kwa upande mkavu wa leso yake, mabega yakamtikisika, na kwa muda sikujua analia au anacheka. Nilimshuku yote mawili.

Supu tuliikomesha, kwa sababu mbwa alikuwa ameshaanza kutembea kama mwenyekiti wa kamati. Matembezi tukayaongeza. Siku hizi alasiri jirani hutoka nasi. Mara ya kwanza alitembea nyuma yetu mbali kabisa, buibui amelikusanya mkononi. Baadaye akauliza kama kamba ni kavu. Nikamwambia ni kavu, na kwa kuwa inafungwa kwenye pete ya mgongoni haifiki mdomoni. Akaishika kwa vidole viwili. Sasa huishika kwa mkono mzima, na mbwa akigeuka kumlamba yeye humwambia, "Mbele, baba, tazama mbele," naye hutii. Mimi hanitii hivyo. Nimejiuliza mara nyingi anamfichia nini mfukoni.

Lile bati tuliling'oa kona nzima ili mbwa apite atakavyo. Ndani kwake haingii, huo ni mpaka wake na ninauheshimu, lakini kibarazani pake pana kivuli na mbwa amekwisha kupaona.

Juzi alasiri nilimpikia jirani kimanga, muhogo na maharagwe ya kupondwa kama tunavyopika milimani. Niliona si adabu kupitisha chakula cha mtu kwenye tundu la ua, nikazunguka kwa geti lake la mbele. Mlango ulikuwa umerudishwa. Mbwa alikuwa amelala kibarazani. Nilipoweka mguu wa kwanza juu ya saruji aliinuka, akasimama kati yangu na mlango, manyoya ya mgongo yakamsimama, akanibwekea. Nikamwita. Akabweka zaidi. Nikamwambia, wewe, ni mimi, mimi ndiye ninayekupa ugali. Hakunijali. Alibweka kwa kifua kizima, mpaka kuku wa nyumba ya tatu wakatawanyika.

Kutoka ndani nikamsikia jirani akiinuka bila haraka, na sauti yake ikaja kubwa, yenye kucheka, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mazishi.

"Nani huyo?"